Vazi Jeupe la Mama Mkwe na Asidi ya Betri

Jambo hili sijawahi kulisimulia lote, hata kwa mume wangu ambaye alikuwepo, kwa sababu kila nikifika pale pa kusema nilichomjibu shangazi Mamerita, mdomo unakauka na ninajikuta nazungumzia mvua au bei ya vitunguu. Nimeona heri niliandike, maana karatasi haikukodolei macho. Mkitaka kunicheka nichekeni, haki yenu, mimi mwenyewe kuna siku nimejicheka peke yangu gengeni mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa, ila mjue tu kwamba aliyekuwa amelala katikati ya aibu hiyo hakuwa mtu wa kuchekwa.

Mimi ni Mama Tumaini. Nina genge Makanyagio, Mpanda mjini, nauza nyanya, vitunguu, bamia na ndimu (kumbukeni hizo ndimu, zitarudi). Shule niliishia kidato cha pili, na hata hicho sikukimaliza. Ila ukweni kwangu ni Kasokola, kwa watu ambao wazee wao walikimbia kutoka Burundi, wakalima, wakazaa, mwishowe wakapewa uraia, na kule mtu aliyezaliwa mjini akagusa sekondari kidogo wanamhesabu ni msomi. Karatasi ya dawa ikija, "mpeni Mama Tumaini asome." Simu ikigoma, "mwiteni Mama Tumaini." Mimi nilijua fika kwamba usomi wangu ni mwembamba kama chai ya msibani, lakini sikuwahi kuwakatalia hata mara moja. Nilikuwa naipokea hiyo sifa na kuitia mfukoni, na nadhani kila kitu kilianzia hapo.

Mama mkwe wangu tulimwita Mama Anjelina. Sitaki kudanganya kwamba tulikuwa chanda na pete, hapana, alikuwa mkali na mimi nina kiburi changu cha chini kwa chini, lakini nilipojifungua Tumaini kwa upasuaji ni yeye aliyekaa kwangu miezi miwili akifua kila kitu kwa mikono yake, kwa hiyo deni la namna hiyo nilikuwa nalo. Na yeye alikuwa na ombi moja tu hapa duniani. Alikuwa na vazi lake la imvutano, lile shuka refu la heshima ambalo wanawake wa kwao hulizungusha mwilini na kulifunga begani, jeupe, la pamba tupu. Alilivaa siku walipopewa vyeti vya uraia, akapigwa nalo picha, akalikunja, akaliweka kwenye sanduku la bati, hakulivaa tena. Alipoanza kuumwa alituita wawili, mimi na wifi yangu Spesi aliyekuwa akimuuguza, akatuambia, "Siku hiyo mnivike lile. Na liwe jeupe. Nilifika nchi hii nimejifunga gunia, sitaki kuondoka nimevaa kitu kichafu."

Tukasema ndiyo mama, wote wawili.

Alifariki Jumatano asubuhi hospitalini mjini. Ikapangwa azikwe Ijumaa, ili kaka mkubwa awahi kufika. Alhamisi mchana wanawake tulikuwa uani Kasokola, wengine wanachambua maharage, wengine wamekaa tu na huzuni zao, Spesi akaleta sanduku ili vazi linyooshwe. Akafungua. Mvua za masika zilikuwa zimepita pembeni mwa paa zikadondokea kwenye kona ya sanduku, bati likashika kutu, na kutu ikahamia kwenye nguo. Madoa matatu, mawili madogo, moja kubwa kama kiganja, pale pale begani panapofungwa, mahali ambapo hata ukitaka kuficha huwezi.

Spesi akaanza kulia upya. Shangazi Mamerita, dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti kama anayeita mbuzi, akalishika vazi akalitazama juani.

"Usilie na wewe," akasema. "Hii ni kutu. Kutu inatoka. Leteni ndimu na chumvi, tupake, tuanike, jua lipo."

Ni kweli, hivyo ndivyo watu wanavyofanya, na hata mimi nilikuwa najua. Tatizo, mti wa limau wa jirani ulikuwa na maua matupu, na ndimu zilizokuwepo nyumbani zilikuwa zimeishia kwenye uji wa mgonjwa. Na mimi, muuza ndimu, nilikuwa nimeacha nusu ndoo nzima imefunikwa gunia gengeni Makanyagio (ningepiga simu moja tu, kijana wa bodaboda angezileta kabla maharage hayajaiva). Spesi mwenyewe alisema, "Wifi, si upige simu walete za kwako?"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa na sababu mbili na nitazitaja zote. Ya kwanza ilikuwa ya haki, wingu lilikuwa linajikusanya na niliogopa tukisubiri jua litapotea. Ya pili ni kwamba wanawake zaidi ya kumi walikuwa wananitazama, na nilikumbuka kitu nilichosoma.

Nikasema, "Ndimu ya nini? Ndani ya ndimu tunachotafuta ni asidi. Na asidi ipo hapo chumbani kwa Kizito, dumu zima."

Kizito ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ana chumba kidogo cha nje chenye betri za sola, anachaji simu za kijiji. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa na wanaume makaburini wanachimba, kwa hiyo asilaumiwe na mtu.

Shangazi Mamerita akaniuliza, "Asidi gani? Yale maji makali ya betri?"

"Hayo hayo, shangazi. Asidi ni asidi. Tukiyatia maji mengi, ukali unapungua, yanakuwa sawasawa na ndimu."

"Ndimu ni kitu cha kula," akasema. "Watu wanakamulia kwenye mchuzi. Hayo ya betri nani kayala?"

Wanawake wakaguna. Nikacheka (Mungu anisamehe, kwenye msiba wa mama mkwe nikacheka, kile kicheko cha puani cha mtu anayejua) nikamwambia, "Shangazi, hayo ni mambo ya kemia. Kuna karatasi inaitwa litmasi, ya bluu, ukiichovya kwenye ndimu inakuwa nyekundu, ukiichovya kwenye asidi ya maabara inakuwa nyekundu hiyo hiyo. Niliona kwa macho yangu."

Na ni kweli niliona. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu mwema, siku hiyo alikuja na limau kutoka nyumbani kwake, akachovya karatasi, ikawa nyekundu, akachovya nyingine kwenye chupa ya maabara, ikawa nyekundu, tukapiga makofi kama tumeona mazingaombwe. Halafu akaandika ubaoni kichwa cha somo linalofuata, Tofauti kati ya asidi za viumbe na asidi za madini, tukakinakili, nikakipigia mstari kwa rula, kengele ikalia. Hilo somo linalofuata mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani na homa, na niliporudi darasa lilikuwa limeshahamia mbali. Simlaumu mwalimu. Yeye alifundisha, mimi ndiye niliyebaki na nusu ya somo, na hiyo nusu nikaibeba miaka yote nikidhani ni nzima.

Shangazi akanitazama, akatazama wanawake, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikaenda chumbani kwa Kizito. Kwenye msumari nyuma ya mlango palikuwa na suruali yake ya kazi, imejaa matundu mapajani, madogo madogo, na nakumbuka vizuri kabisa nilichowaza. Niliwaza, panya wa nyumba hii wamezidi. Nikachukua dumu nikatoka.

Maji niliyatanguliza kwenye beseni, asidi nikaimimina baadaye, na nimekuja kuambiwa kwamba ningefanya kinyume ingeweza kuniruka usoni, kwa hiyo hapo nilipatia, ila nilipatia kwa sababu beseni tayari lilikuwa na maji, si kwa akili. Kipimo sikuwa nacho. Nilimimina kwa macho, kama mtu anavyotia mafuta kwenye sufuria ya watu wengi. Nikachovya lile bega la nguo, nikasubiri, nikafikicha taratibu. Na jamani, doa lilitoka. Lilififia kama linameza mate, likawa njano, likawa kivuli, halafu halikuwepo. Ndimu ingechukua mchana mzima.

Wale wanawake hawakupiga vigelegele kwa sababu ya msiba, lakini walisema "eee" ile ndefu. Mmoja akasema, "Kumbe sekondari ina maana." Spesi akanikumbatia. Shangazi Mamerita naye, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema, "Macho yangu yameona. Mimi nimenyoosha mikono." Nilisimama pale nikajipangusa mikono kwenye kitenge, kiunoni kwa nyuma, huku na huku, kama fundi aliyemaliza kazi. Ilikuwa inaniwasha kidogo. Nikadhani ni sabuni ya vyombo vya asubuhi.

"Sasa suuza," shangazi akasema.

Sikusuuza. Ndimu ukishapaka unaianika nguo na maji yake juani ikauke nayo, jua ndilo linalomalizia kazi, kusuuza baadaye, basi na mimi nikafanya hivyo hivyo, nikaanika bila kusuuza, asidi ni asidi. Na maji yalikuwa ya kuhesabu ndoo siku hiyo, watu wengi, hicho nacho ni kweli. Jioni wingu lilipofunga nikaanua. Lilikuwa kavu, jeupe, zuri. Kusuuza nikapitiwa.

Asubuhi ya Ijumaa nililinyoosha mwenyewe kwa pasi ya mkaa. Pale begani, pasi ilipopita, pakaingia rangi ya kahawia hafifu, kama pamedondokewa chai. Nikadhani pasi ni ya moto sana. Nikalikunja upande huo ukawa ndani, sikumwambia mtu.

Mwili ulifika saa nne. Jeneza likawekwa sebuleni, wanaume wakatoka nje, kwaya ikaanza kuimba chini ya turubai, na sisi wanawake watano tukabaki ndani na marehemu, mlango umerudishwa. Alikuwa mdogo sana. Ugonjwa ulikuwa umemla akabaki kama msichana. Tukamvika gauni la ndani, tukamzungushia imvutano, tukamgeuza taratibu, mambo yakaenda vizuri, na ilipofika pa kufunga shangazi Mamerita akasogea pembeni akasema, "Mama Tumaini, wewe uliyelitakasa, mfungie."

Ilikuwa heshima kubwa. Kwa miaka yangu yote kwenye ukoo ule sikuwahi kupewa heshima kama hiyo. Nikashika pembe mbili za begani nikazivuta.

Nguo ikichanika inatoa mlio, nyote mnaujua. Hii haikutoa. Iliachia tu, kama utando wa uji uliopoa unavyoachia ukiugusa na kijiko. Nikabaki na kipande mkononi. Nikadhani nimeshika vibaya, nikashika chini kidogo, nikavuta, nikapata kipande kingine. Spesi akaja kusaidia, akagusa pale palipokuwa na lile doa kubwa, vidole vyake vitatu vikapita upande wa pili vikagusa bega la mama yake.

"Mana yanje," akasema Spesi. Mungu wangu. Alisema kwa sauti ndogo kabisa.

Kila tulipogusa palikatika. Uzi ulikuwa unageuka vumbi. Nje kwaya walikuwa wamemaliza wimbo mmoja na wakawa wanatusubiri, tukasikia mtu anauliza mlangoni, "Tayari humo?"

Shangazi Mamerita alinigeukia. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Umefanya nini?"

Na sasa nimefika pale ambapo siku zote huwa nahama kwenda kwenye mvua. Nilisema, "Limeoza, shangazi. Limekaa miaka mingi kwenye sanduku linalovuja." Ningeishia hapo ingekuwa uongo wa kawaida. Lakini nikamtazama Spesi, ambaye miezi minane alikuwa hajalala vizuri kwa kumgeuza mama yake kitandani, nikasema, "Ningejua lilitunzwa hivi nisingeligusa."

Spesi akafungua mdomo. "Nilikuwa nalikagua kila mwezi, mpaka mama alipozidiwa," akasema. "Kabla ya masika lilikuwa zima, wifi. Mama mwenyewe alilishika." Halafu akaanza kujilaumu kweli, hicho ndicho kibaya zaidi, akaanza kusema labda ni yeye, labda angelitoa mapema, labda angeliweka kwenye mfuko wa nailoni. Na mimi nikanyamaza nikamwachia. Nilikuwa nimesimama juu ya mwili wa mama mkwe wangu na vumbi la nguo yake kwenye vidole, na nilikuwa nimepata unafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Shangazi alikuwa ananitazama kiunoni.

"Hebu geuka," akasema.

"Shangazi?"

"Geuka, nimesema."

Nikageuka. Wale wanawake wengine wawili walivuta pumzi kwa pamoja. Shangazi akanishika kitenge nyuma, akavuta kidogo tu, kikaachia.

"Na hiki nacho," akasema, "kimeoza sandukuni kwa Spesi?"

Kitenge kile ndicho nilichoshinda nacho tangu jana yake, kilikuwa kipya, kilikatwa dukani mwezi ule ule, na kilikuwa na matundu mawili, moja kila upande wa makalio, kila moja lina umbo la kiganja na vidole vyake, pale nilipojipangusa mikono kwa maringo. Watu walikuwa wameniona nikipita uani tangu alfajiri, na nadhani matundu yalikuwa yanakua kadiri nilivyoinama na kuinuka. Chini nilikuwa na shimizi nyekundu. Sikuweza hata kusema ni panya.

Nilifanya kitu cha kijinga zaidi, nilikimbia. Nilifungua mlango nikatoka nimejishika nyuma kwa mikono miwili, nikakutana na turubai zima, wazee kwenye viti vya mbele, katekista na kitabu chake, kwaya wamesimama tayari, wote wakidhani mlango umefunguliwa ili waingie kuaga. Watu wa mbele wakainuka. Nikapita katikati yao. Kila nilipobana kitenge kilizidi kuachia, mpaka nilipofika kwenye migomba nilikuwa nimeshikilia matambara, na nyuma yangu nikasikia mama mmoja anasema wazi, bila ubaya, "Masikini, amechanganyikiwa kwa uchungu." Hiyo huruma iliniuma kuliko kama angenitukana.

Kizito ndiye aliyenifuata, ananiletea shuka la kujifunga. Alikuwa ameshaambiwa. Alinipa huku ametazama pembeni akasema, "Shemeji, si mngenipigia hata simu? Mimi suruali zangu zote zina matundu. Hilo tone likikauka kwenye nguo ndiyo linaanza kazi."

Mume wangu hakuja. Alipita mbali kidogo akielekea sebuleni, akasimama, akasema, "Mama aliomba kitu kimoja," akaendelea.

Ndani walisubiri karibu saa nzima. Watu waliambiwa kuna jambo linawekwa sawa. Shangazi Mamerita alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda nyumbani kwake, ni mwendo wa mashamba mawili, akarudi amebeba kitu kwenye kanga. Lilikuwa imvutano lake mwenyewe. Jeupe, la pamba, limekunjwa na karafuu ndani. Kila mtu alijua alikuwa ameliweka kwa siku ya nini. Spesi alikataa, akamwambia, "Shangazi, na wewe je?" Akajibiwa, "Mimi bado natembea." Wakamvika Mama Anjelina, wakafunga begani, likashika.

Mimi nilimuaga kutoka mlangoni, nimejifunga shuka la Kizito. Alikuwa msafi. Alikuwa mweupe kama alivyotaka, kwa nguo ya mtu mwingine.

Siku ya kumaliza matanga, familia ilipokaa, niliomba kusema. Nilitaja makosa yangu kwa ufupi, bila kuyarudia maneno yenyewe niliyomjibu shangazi, dumu, beseni, kutosuuza, rangi ya kahawia niliyoificha kwa mkunjo, na nikasema kwamba Spesi hakuwa na kosa hata la ukubwa wa sindano na mimi nilimtupia nikijua. Kaka mkubwa alisema limekwisha. Spesi alisema amesamehe, na naamini amesamehe, si mtu wa maneno mawili. Ila tangu siku ile haniiti wifi. Ananiita Mama Tumaini, kwa adabu kabisa, kama wanavyoniita wateja wangu wanaponunua bamia.

Shangazi nilimfuata peke yake, nikamwambia nitamtafutia vazi jingine, lile lile la pamba. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha kupepeta. "Tafuta," akasema. "Lakini likishika doa, wewe usilifue."

Nilikaa na swali moja wiki nyingi, kwamba karatasi ile mbona iligeuka nyekundu sawasawa. Mwisho nikalivua lile koti la usomi nikamuuliza mwanangu Tumaini, ambaye yuko kidato cha tatu na ananizidi tayari. Alinieleza tukiwa gengeni. Akasema litmasi inakwambia tu kwamba hii ni asidi, haikwambii ni ya ukoo gani. Asidi ya ndimu ni ya viumbe, mmea umeitengeneza wenyewe, ina kaboni ndani yake kama sukari ilivyo nayo, na ni dhaifu, inaachia ukali wake kidogo kidogo, na ikikauka inabaki chengachenga zisizo na haraka. Ya betri imetoka kwenye madini, kwenye salfa, haina kaboni, ukiitia tu majini inaachia ukali wake karibu wote kwa mkupuo. Na haikauki. "Mama, ulipoanika, maji ndiyo yaliyoondoka. Asidi ilibaki. Jua lilikuwa linairudishia ukali. Halafu ukapiga pasi." Akasema inanyonya hata maji yaliyofungwa ndani ya uzi wenyewe, kinachobaki ni mkaa, ndiyo ile rangi ya chai.

Nikamwambia, basi shangazi Mamerita alikuwa sahihi, inayolika ndiyo salama. Tumaini akasema, "Usiandike hivyo. Sisimizi nao wana asidi yao, ni ya viumbe, na ukiipata kali inakubabua. Na ya madini si zote zina nguvu kama ya betri. Bibi Mamerita alikuwa sahihi kwa ndimu." Kwa hiyo nimeandika alivyosema, nisije nikamtupia mtu mwingine nusu ya somo.

Daftari langu la kidato cha pili bado ninalo. Kile kichwa kipo, kimepigiwa mstari kwa rula, Tofauti kati ya asidi za viumbe na asidi za madini, na chini yake ukurasa ulikuwa mtupu miaka yote hiyo. Nimeujaza wiki hii. Chini ya maelezo ya Tumaini nimeandika ahadi yangu, kwamba mtu akiniuliza kitu nisichokijua chote nitasema sikijui chote, hata kama ni wanawake kumi na hata kama wanangoja. Nimeitimiza mara mbili hadi sasa, na mara zote mbili watu walishangaa kidogo, wakaenda kumuuliza mwingine.

Vazi la shangazi bado sijalipata. Madukani wanaleta la tetroni, linang'aa, halikunjiki, na muuzaji mmoja wa Mpanda, mzee wa Kiislamu mwenye subira, aliniambia nikubali tu, siku hizi ndiyo yaliyopo, tena hayaliwi na kitu. Nilimshukuru. Nikamwambia nitaendelea kutafuta pamba. Jumapili iliyopita nilimwona shangazi Kasokola, amepungua, anakohoa. Aliniuliza kama nimepata. Nikasema bado. Akasema, "Basi fanya haraka."

Ndimu nilikuwa nimebeba safari hii, mfuko mzima. Spesi alizipokea mlangoni. "Asante, Mama Tumaini," akasema.